Kemia Iliyo Chini ya Mkanju

Aliyewahi kubangua korosho mbichi katika vijiji vya Kilifi anajua kwamba ganda lake lina mafuta makali, yanayobabua ngozi na kuacha vidole vyeusi kwa siku kadhaa. Mafuta hayo yamehesabiwa karaha tangu zamani: mama anayechoma korosho kwenye bati hukaa upande upepo unakotoka, maganda yashike moto, moshi uende zake. Wanakemia wanayatazama kwa jicho jingine. Ndani ya ganda mna asidi ya anakadi kwa wingi, na ukiipasha moto hutoa kaboni dayoksaidi ikageuka kadanoli, yaani molekuli ya fenoli iliyobeba mkia mrefu wa atomu 15 za kaboni. Mwaka 2014 kundi la Lukas Goossen, aliyekuwa Kaiserslautern nchini Ujerumani, pamoja na David Cole-Hamilton wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, lilionyesha kwamba mkia huo unaweza kukatwa kwa vichocheo vya paladiamu na rutheniamu mpaka zikapatikana fenoli fupi zinazowavuta mbung'o. Fenoli za jamii hiyo zimo katika mkojo wa ng'ombe, ndiyo maana mkojo huo umetumika miaka mingi kwenye mitego ya mbung'o Afrika Mashariki na kusini mwa bara. Katika miaka hiyo hiyo Egid Mubofu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakishirikiana na St Andrews kuchunguza mafuta hayo hayo ya ganda.

Kichocheo katika kazi hii ni kama mshenga: huzikutanisha pande mbili ambazo peke yao zisingekaribiana, kisha hujitoa na kwenda kuunganisha nyingine. Paladiamu huuhamisha mshikamano maradufu uliomo ndani ya mkia wa kadanoli, na rutheniamu huukata mkia pale mshikamano ulipofika. Kila hatua ya kazi hiyo hupitia kitambo kidogo ambapo atomu ya metali imeshikana moja kwa moja na atomu ya kaboni. Tawi zima la sayansi linaloshughulikia miungano ya namna hiyo huitwa kemia ya oganometali, na mwanafunzi wa kidato cha nne huko Kibarani, Ganze au Malindi anaweza kumaliza shule bila hata kulisikia jina lake, ilhali malighafi yake imelundikana nyuma ya nyumba.

Wapo watakaosema hayo ni ya kawaida. Mkoa uliokuwa na kiwanda cha korosho mjini Kilifi tangu miaka ya 1970, kikafa katika miaka ya 1990, na nchi iliyopiga marufuku kusafirisha korosho ghafi mwaka 2009 bila kujenga ubanguaji wa kutosha, haitarajiwi kuwa na habari za rutheniamu. Mimi nauona mpangilio huo umepinduliwa. Viwanda vya Pwani vimekuwa vikifikiriwa kama majengo na mashine, na mashine zikiharibika mtambo wote hufa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijiuliza ganda linaweza kufanya nini zaidi ya kuungua. Maswali ya aina hiyo huzaliwa kwa wanafunzi, nao huyazaa pale tu wanapotiwa mapema katika utafiti. Hoja yangu basi ina sehemu mbili zinazotegemeana. Kwanza, mwanafunzi wa Kilifi anaweza kufanya utafiti wa kweli katika kemia hii inayoonekana ya mbali. Pili, mlango ulio wazi zaidi kwake, na usiothaminiwa, ni utafiti wa jinsi kemia inavyofundishwa, kwa kuwa huo hauhitaji kusubiri kontena la vifaa kutoka ng'ambo.

Kwanza tuione kemia hiyo ilivyo karibu. Vitamini B12, inayopatikana kwenye dagaa, maini na mayai, ni kampaundi ya oganometali iliyotengenezwa na viumbe hai: katika umbo lake linalofanya kazi mwilini, kobalti imeshikana na kaboni. Dorothy Hodgkin wa Uingereza alichora umbo la vitamini hiyo mnamo 1956 kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele zake. Jerikeni la njano la kutekea maji ni plastiki iliyotokana na vichocheo alivyovigundua Karl Ziegler mwaka 1953 na kuendelezwa na Giulio Natta, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Petroli iliyouzwa Kenya hadi kufikia mwaka 2006 ilitiwa kampaundi ya risasi na kaboni ili injini isigonge, na risasi hiyo ikatoka kwenye ekzosi ikaingia kwenye damu ya watoto wa mijini. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Melasoprol, dawa ya malale iliyoanza kutumika mwaka 1949 na kutegemewa Uganda na Kongo kwa miongo kadhaa, ni aseniki iliyoshikana na kaboni. Iliwaponya wengi, na iliua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20 waliochomwa sindano yake. Anayesema kemia hii haituhusu hajaulizia kilichomo nyumbani mwake.

Historia ya tawi hili ina jambo ambalo walimu wetu wangefanya vyema kulitaja darasani. Mwanzo wa sura yake ya kisasa ni kazi ya mwanafunzi na mwalimu kijana, tena kazi iliyokwenda kombo. Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Duquesne kule Pittsburgh, Marekani, Thomas Kealy alikuwa mwanafunzi wa Peter Pauson, mhadhiri ambaye hakuwa hata na miaka 30. Walikuwa wakitafuta kampaundi nyingine kabisa, iliyojaa kaboni na haidrojeni tu. Wakapata unga wa rangi ya chungwa wenye chuma ndani yake, usioharibika ukipashwa moto wala ukiachwa hewani. Umbo walilolikisia wao lilikuwa na makosa, na wengine, wakiwemo Geoffrey Wilkinson na Ernst Otto Fischer, ndio waliolithibitisha: atomu moja ya chuma imekaa katikati ya pete mbili za kaboni tano tano. Unga huo ukaitwa feroseni, na Wilkinson na Fischer wakapata Nobel mwaka 1973. Nusu karne kabla yao, Victor Grignard alikuwa mwanafunzi wa Philippe Barbier mjini Lyon, Ufaransa, alipobuni njia ya magnesiamu inayobeba jina lake hadi leo. Alipewa Nobel mwaka 1912.

Feroseni ina kisa kingine kinachoigusa Kilifi kwa karibu. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya malaria ya kila duka, ilishindwa na vimelea hapa kwetu mpaka Kenya ikaiacha mwaka 1998. Mwaka uliotangulia, Christophe Biot na wenzake mjini Lille, Ufaransa, walikuwa wamechapisha molekuli ya klorokwini iliyotiwa feroseni katika mnyororo wake wa pembeni. Kampaundi hiyo, ferokwini, iliviua vimelea vilivyokuwa vimeizoea klorokwini, ikaendelea hadi majaribio kwa wagonjwa barani Afrika. Haijafika dukani, na huenda isifike. Lakini mji wa Kilifi ndio makao ya mpango wa utafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome tangu 1989, na hakuna mahali panapostahili zaidi mwanafunzi wa sekondari aelezwe kwamba kipande cha chuma kilichofungwa ndani ya molekuli kinaweza kubadilisha mwenendo wa dawa. Malaria anaijua tangu utotoni. Kinachokosekana ni mtu wa kumfumbulia kwamba malaria ina kemia ndani yake.

Nafasi zenyewe zipo, ingawa zimetawanyika na hazina mtu anayezikusanya mahali pamoja. Mpango huo wa KEMRI na Wellcome umekuwa ukiwachukua vijana wa Kilifi waliofanya vizuri katika mtihani wa kidato cha nne, kwa kipindi cha miezi mitatu, wakafanye kazi kando ya watafiti kabla ya kwenda chuoni. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo jambo la busara zaidi lililofanywa kwa elimu ya sayansi katika kaunti hii, kwa kuwa linamkamata kijana katika miezi ile ambayo vinginevyo angekaa tu akingoja barua ya chuo. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013, kinafundisha kemia na kinaandaa walimu wa sayansi. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya shule za sekondari hufanyika kila mwaka kuanzia ngazi ya chini hadi ya taifa. Mtandao wa Kemia wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2007 na Shirika la Kifalme la Kemia la Uingereza, ulianzia Nairobi. Na kwa anayetaka kuzama katika oganometali zenyewe, wako Waafrika Mashariki walioitangulia njia: mbali na Mubofu wa Dar es Salaam, yuko Stephen Ojwach, Mkenya aliyefundisha Maseno, ambaye ameongoza utafiti wa vichocheo vya aina hii katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini.

Pingamizi la kwanza linajulikana, na si dogo. Kampaundi nyingi za oganometali huharibika zikiguswa na hewa au unyevu. Mchanganyiko wa Grignard hukataa kabisa kama chombo hakikukauka, na Kilifi wakati wa masika hewa yenyewe hulowesha karatasi. Maabara za kazi hiyo hutumia masanduku yaliyojazwa agoni, gesi isiyoungana na kitu, na mashine za kupima umbo la molekuli zinazogharimu mamilioni ya shilingi. Paladiamu nayo huuzwa kwa gramu kama dhahabu. Anayesema chuo cha kaunti kianze kwa kununua hivyo vyote anajidanganya, na mimi simo katika kundi hilo. Lakini pingamizi hili linaichukulia kemia nzima kama sehemu yake iliyo ngumu kuliko zote. Feroseni hukaa kwenye chupa ya kawaida. Vichocheo vya Robert Grubbs, aliyegawana Nobel ya 2005, vilipendwa hasa kwa sababu huvumilia hewa na maji kuliko vilivyovitangulia. Mubofu mwenyewe, akiwa katika Chuo Kikuu cha York mwaka 2001, alichapisha na wenzake kazi ya kuishikiza paladiamu juu ya silika ili iweze kuchujwa na kutumiwa tena, na kwa njia hiyo gramu moja iliyonunuliwa kwa taabu hurudi kazini mara kadhaa. Huo ni utafiti uliofikiriwa kwa jicho la mahali ambapo hakuna cha kupoteza, na ulikubalika duniani kwa ubora wake.

Tena utafiti wa kemia haufanyiki wote chumba kimoja. Kukusanya maganda kutoka mashamba mbalimbali, kuyakamua, kupima kiasi cha mafuta, kulinganisha maganda ya korosho iliyovunwa mapema na ya iliyochelewa, kuona jinsi joto la kuchomea linavyobadilisha mafuta hayo: yote hayo huhitaji mizani nzuri, jiko linaloweza kudhibitiwa na daftari linaloandikwa kwa uaminifu. Sampuli chache zilizochaguliwa kwa akili zinaweza kupelekwa Nairobi au Dar es Salaam kupimwa kwa mashine. Wanasayansi wa nchi tajiri hufanya vivyo hivyo, wao kwa wao hutumiana sampuli kila wiki. Mwenye ganda ana kitu ambacho mwenye mashine hana, na akilijua hilo hataingia katika ushirikiano kama msaidizi wa kubeba magunia.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa kuwa shauku bila tahadhari katika kemia hii huua. Mwezi Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu zake. Glavu hazikuzuia kitu. Alifariki Juni 1997, naye alikuwa mtaalamu wa sumu za metali. Kwa hiyo mwanafunzi asipewe zebaki yenye kaboni, wala kampaundi zinazojiwasha moto hewani, wala risasi ya zamani ya petroli, hata kama mwongozo wa mtandaoni unasema ni jambo rahisi. Kuna mada nyingi salama, na mwalimu asiyejua kutofautisha zilizo salama na zisizo salama bado hajawa tayari kusimamia.

Mada mojawapo iko kwenye miamba ya ufuo. Mabaharia wa mwambao walilinda vyombo vyao kwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, waliyoipaka chini ya jahazi kila msimu chombo kinapopandishwa. Meli za chuma zikaja na rangi zenye kampaundi ya bati na kaboni, tributiltini, iliyoua kila kitu kinachojaribu kujibandika. Ilifanya kazi barabara, na haikuishia kwenye meli. Katika Ghuba ya Arcachon, Ufaransa, ufugaji wa chaza uliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na nchi hiyo ikawa ya kwanza kuipiga marufuku kwa boti ndogo, mwaka 1982. Konokono wa baharini walionyesha dalili ya ajabu zaidi: majike yaliota uume. Kiasi cha sumu kinachotosha kuwafanyia hivyo ni kidogo mno, sehemu chache katika mamilioni ya mamilioni ya sehemu za maji, kiasi ambacho mashine nyingi hushindwa kukipima. Mkataba wa kimataifa wa kuiondoa kwenye meli ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Lakini matope ya bandarini huihifadhi kwa miaka.

Angalia basi mwanafunzi wa Kilifi anaweza kufanya nini. Mlango wa Kilifi una boti za kila namna, na Mombasa, bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, iko umbali wa kilomita zisizofika 60. Kati ya hapo kuna fukwe zisizofikiwa na meli yoyote. Konokono wa jamii inayofaa wanaokotwa kwenye miamba maji yakitoka. Mwanafunzi huhitaji kibali, lenzi ya kukuza, kipimo cha kalipa na subira ya kuhesabu majike yenye dalili katika kila eneo. Konokono anakuwa ndiye mashine. Akipata tofauti kati ya bandarini na ufuo wa mbali, ana swali la kuwapelekea wataalamu wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao Mombasa, na sampuli za matope za kupima. Asipopata tofauti, hilo nalo ni jibu lenye thamani, maana huenda linaonyesha marufuku imefanya kazi. Utafiti huu ni wa oganometali kwa kila maana ya neno, na gharama yake haizidi nauli.

Nimesema mlango ulio wazi zaidi ni utafiti wa ufundishaji. Wapo wanakemia wasioupenda usemi huu. Kwao, anayechunguza jinsi wanafunzi wanavyoelewa mshikamano wa atomu ameshindwa kufanya kemia yenyewe, akakimbilia kwenye madodoso. Madodoso mabovu yapo, sikatai, na tasnifu nyingi za elimu zimejaa asilimia za waliokubali na waliokubali sana. Lakini chukua kazi ya Alex Johnstone wa Glasgow. Mwaka 1991 alieleza kwamba ugumu wa kemia unatokana na kumtaka mwanafunzi aishi katika ngazi tatu kwa wakati mmoja: kile anachokiona kwa macho, zile chembe asizoziona, na alama zinazoandikwa ubaoni. Mwalimu mzoefu huruka kutoka ngazi hadi ngazi ndani ya sentensi moja bila kujua ameruka, na mwanafunzi huachwa nyuma. Wazo hilo limebadilisha vitabu na mitaala katika nchi nyingi. Lilitoka kwa mwanakemia aliyewachunguza wanafunzi wake kwa umakini ule ule unaotumika kuchunguza mmenyuko.

Kenya ina historia yake katika jambo hili. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwafunza walimu wa hisabati na sayansi wampe mwanafunzi shughuli badala ya hotuba, na wabuni vifaa kutokana na vilivyopo. Kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi kinaendeleza kazi hiyo. Afrika Kusini, kituo cha RADMASTE cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilitengeneza vibao vidogo vya plastiki vyenye vishimo, ambamo mwanafunzi hufanya jaribio kwa matone badala ya mililita 50, na UNESCO ikavisambaza katika nchi nyingi. Ilhali katika mtihani wa kemia wa KCSE, ule wa kidato cha nne, karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ina alama 40, huku karatasi mbili za nadharia zikiwa na 80 kila moja. Shule nyingi huifungua maabara kwa dhati pale tu mtihani unapokaribia, kwa hofu ya kumaliza kemikali. Je, darasa linalofanya jaribio kwa matone kila wiki linaelewa zaidi kuliko linalofanya kwa chupa kubwa mara tatu kwa mwaka? Swali hilo linaweza kujibiwa na mwalimu tarajali mmoja, katika shule mbili za jirani, ndani ya muhula mmoja. Kuanzia Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10, na sehemu yao wamechukua mkondo wa sayansi. Majibu yanahitajika sasa.

Kibarani penyewe pana swali ambalo sijui mahali pengine mwambao linapoweza kuulizwa vizuri zaidi. Eneo hilo, jirani na mji wa Kilifi, lina shule ya viziwi. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na lugha hiyo ina ishara za kutosha kwa maisha ya kila siku. Katika kemia hali ni nyingine. Istilahi isipokuwa na ishara inayokubalika, mwalimu hulazimika kuitamka kwa vidole herufi baada ya herufi, na jina refu la kampaundi huchukua muda mrefu hata wazo lenyewe hupotea. Kila shule ikijibunia ishara zake, mwanafunzi anayehama huanza upya. Uskoti walikabiliwa na tatizo hili. Kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliwakutanisha wanasayansi viziwi, walimu na wanaisimu, wakatunga na kurekodi kamusi ya ishara za sayansi katika lugha ya ishara ya Uingereza, kemia ikiwemo. Walichojifunza ni kwamba ishara nzuri hubeba dhana ndani ya umbo lake.

Jambo hili halihusu viziwi peke yao. Lugha ya ishara hutumia nafasi, na kemia ni sayansi ya maumbo katika nafasi. Feroseni, inayomchukua mhadhiri nusu saa kuieleza kwa chaki, inaweza kuonyeshwa kwa viganja viwili vilivyoelekeana na kitu katikati. Inawezekana kabisa kwamba mwanafunzi kiziwi, akipewa ishara zilizofikiriwa vyema, atauelewa mpangilio wa atomu kabla ya mwenzake anayesikia. Hili ni dhanio, na dhanio hupimwa. Chuo kikuu kiko karibu na shule iko karibu. Sharti lililopo ni kwamba ishara zitungwe na viziwi wenyewe, wanafunzi wa chuo wakiwa waandishi na wapimaji, na kwamba wazazi waombwe ridhaa, kamati ya maadili ipitie mpango, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ipatikane kabla ya kamera kuwashwa. Karatasi hizo huchosha. Lakini kuzipitia ni sehemu ya kujifunza utafiti, na zinawalinda watoto ambao historia ya utafiti duniani haikuwalinda kila mara.

Mzazi aliyelipa karo kwa taabu ana pingamizi lake: mtoto kwanza apite mtihani, utafiti baadaye. Namwelewa. Alama ndizo zinazofungua mlango wa chuo, na hakuna anayeajiriwa kwa kuhesabu konokono. Ila mzazi huyo anadhani utafiti unaiba muda wa masomo, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Karatasi ya tatu ya KCSE inamtaka mtahiniwa aone, aandike alichokiona, kisha atoe hitimisho. Wanaokariri majibu ya miaka iliyopita huandika rangi waliyoitarajia badala ya iliyo kwenye bomba. Aliyezoea kuandika daftari la utafiti ana kinga dhidi ya kosa hilo, kwa kuwa ameshaona jaribio likimpa jibu asilolitaka. Nakiri hata hivyo kwamba mradi unaoanza kidato cha nne muhula wa pili umechelewa. Wakati wake ni mapema zaidi katika sekondari, au likizo ile ndefu baada ya mtihani.

Lipo na pingamizi la wanaokimbia: tukiwafunza kemia ya hali ya juu, si wataishia KwaZulu-Natal na St Andrews? Baadhi watakwenda, na kisa cha Dar es Salaam kinaonyesha kwamba kwenda huko kunaweza kuwa mwanzo wa ushirikiano unaolirudisha swali nyumbani. Mubofu alisomea York akarudi kufanyia kazi korosho za Tanzania. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya wale wasiokwenda popote: mwalimu anayehitimu Kilifi, akapelekwa Magarini, akafundisha miaka 30 bila kuuliza swali ambalo kitabu hakikuuliza. Huyo hatumhesabu kama mtaalamu aliyepotea, kwa sababu yupo mbele ya macho yetu.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti na ikaunda Hazina ya Taifa ya Utafiti. Lengo hilo liko mbali, na ruzuku zikitoka huwafikia kwanza wenye shahada za juu. Kwa kawaida mwanafunzi wa shahada ya sayansi hufanya mradi katika mwaka wa mwisho, naye mwanafunzi wa ualimu hupewa mazoezi ya kufundisha badala yake, kana kwamba darasa si mahali pa kuchunguzia kitu. Mazoezi hayo yana muhula mzima, yana shule iliyokubali kumpokea, na yana mkufunzi anayesafiri kwenda kumkagua akiwa na fomu ya alama mkononi. Idara ya kemia na ya elimu zikikubaliana, mkufunzi huyo anaweza kubeba na karatasi ya pili, yenye swali moja la utafiti na jinsi ya kukusanya majibu yake, swali lililopitishwa kabla mwanafunzi hajapanda matatu ya kwenda Ganze. Kwa gharama, hilo linahitaji mkutano mmoja wa alasiri na mtu wa kuyatunza madaftari yakirudi.